Damu Isiyo na Mchanga

Shule niliiacha darasa la tatu, na mpaka leo sijasikia shule ikilalamika. Nasema mapema ili waliosoma wacheke sasa, wamalize, tuendelee. Kile kisiagi cha paa la kijani pale Kachibora ni changu. Mahindi ya watu yanasagwa hapo, na nyuma yake kuna stoo ambamo nachanganya chakula cha kuku kwa koleo na mikono hii. Kuku wengi wa upande ule wa Trans-Nzoia, wakitaga, wananitagia mimi bila kujua. Hakuna mtu aliyenipa hata kamba ya kufungia gunia. Nimejenga, nimesomesha, nimeoza mabinti, na katika miaka yote hiyo sijabisha mlango wa jirani kuomba chumvi.

Sisemi haya kwa majivuno. Haya basi, nasema kwa majivuno. Nani mwingine atayasema?

Ugonjwa ulipokuja haukuja kwa kelele. Ulianza kwa kuniibia pumzi. Nikiinua gunia, pumzi hakuna. Baadaye nikiinua nusu gunia. Baadaye nikiinama kufunga kamba za viatu, nainuka naona nyota mchana. Nikawaambia vijana wa kisiagi kwamba magunia ya siku hizi yanashonwa mazito makusudi. Wakakubali. Mtu unayemlipa mshahara hukubali mambo mengi.

Mke wangu hakukubali. Asubuhi moja alinishika kidevu, akanivuta kope la chini kwa kidole gumba jinsi anavyofanya kwa kuku wake, akatazama ndani.

"Meupe," akasema. "Ungekuwa kuku ningekuwa nimekuchinja wiki iliyopita."

"Na sasa kwa vile mimi si kuku?"

"Sasa utaenda hospitali. Kuku ana bahati."

Kabla sijaenda, habari zilishafika kanisani. Sijui zilipitia wapi, maana mke wangu aliapa hakusema, na mke wangu akiapa hivyo najua amesema. Akaja mama mmoja wa pale kanisani, mcha Mungu, mchangamfu, mwenye mkoba mkubwa, akakaa kwenye kochi langu na kutoa kopo la unga. Nje ya kopo kulikuwa na picha ya mzee mwenye meno yote, anakimbia ufukweni bila viatu. Akanieleza kwamba ndani mna asidi amino. Inaongeza damu, inashusha sukari, inatuliza presha, inalainisha magoti, inarudisha nguvu za ndoa na kuotesha nywele.

"Na mahindi inakoboa?" nikamwuliza.

"Mzee, usicheze na afya."

"Mzee wako nyumbani anaitumia?"

"Kila asubuhi. Kijiko kimoja."

Mume wake namjua. Kichwa chake kina upara ambao mvua ikinyesha maji hayapati mahali pa kushika, na magoti yake yakipanda ngazi za kanisa tunayasikia mpaka viti vya nyuma. Nikamshukuru yule mama, nikamwambia kopo zuri, likiisha unga aniletee niwekee misumari.

Lakini lile neno, asidi amino, halikuwa geni kwangu, na hapo ndipo ninaomba waliosoma wakae sawa. Miaka ya nyuma nilikwenda Mabanga, kwenye kile chuo cha wakulima karibu na mji wa Bungoma, nikakaa juma zima kujifunza chakula cha kuku. Cheti nilichopewa kiko ukutani sebuleni, ndani ya kioo, juu kuliko picha ya harusi. Mwalimu alitufundisha kwamba mwili wa kuku hujengwa kama ukuta wa matofali, na matofali yenyewe ndiyo hizo asidi amino. Si asidi ya betri inayotoboa suruali. Ni asidi ya chakula. Ziko za aina nyingi, na tofali moja likikosa ukuta hausimami, hata ukirundika mengine yote. Katika mahindi, tofali linalopungua sana linaitwa laisini. Kwa hiyo tunainunua laisini yenyewe kwenye duka la dawa za mifugo, chengachenga za rangi ya kahawia, tunapima kidogo, tunachanganya. Kuku ananenepa, mwenye kuku anafurahi, mimi najenga.

Basi nikaenda hospitali nikiwa mtu mwenye elimu ya asidi amino. Si wengi mle kwenye foleni walioweza kusema hivyo.

Sikwenda Kitale. Kitale ni karibu, lakini Kitale wananijua, na sikutaka mteja wangu anione nimeshika chupa ya mkojo. Nilipita mpaka Bungoma. Mimi ni mtu wa huko hata hivyo, nilizaliwa upande wa Chwele, na hospitali niliyoingia haikuwa na mtu wa kunidai salamu. Daktari alikuwa binti mdogo, mdogo kiasi kwamba nilimngoja amwite baba yake. Akaniita kuka, maana yake babu kwa lugha yetu, kumbe naye ni wa huko huko kwetu. Ulimi wake ulikuwa umebeba vijiji vyote vya Bungoma. Herufi l kwake mara nyingi ilikuwa r, na r ikipata nafasi inakuwa l.

"Kuka, rara hapo kwa kitanda."

Nikalala.

"Unakura vizuri?"

"Kura yangu ni siri," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika meza, na hakujirekebisha. Hilo lilinipendeza. Mtu aliyesoma namna hiyo na bado ulimi wake haujauzwa.

Wakachukua damu. Wakachukua tena. Siku nyingine wakanitoboa nyonga kwa sindano ambayo, ingekuwa mikononi mwa fundi, ningesema ni ya kutobolea mlango. Niliporudi kusikiliza majibu, yule binti hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Kuka, kiwanda cha damu kiko ndani ya mfupa, kwenye uboho. Chako kimezeeka. Bado kinazunguka, lakini chembe zinazotoka hazijaiva. Nyingi zinaharibika hata kabla ya kutoka."

"Mashine inazunguka lakini inatoa pumba."

Akanitazama. "Hivyo hivyo kabisa."

"Basi tubadilishe wavu wa kuchekechea."

"Hii haina wavu wa kubadilisha, kuka. Sasa hivi kitu cha kwanza ni kukuongezea damu."

"Damu ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani?"

"Watu wazuri. Wanaojitolea."

Nikamwambia hapana. Akadhani naogopa magonjwa, akanieleza jinsi inavyopimwa. Akadhani ni mambo ya dini, akaniuliza naabudu wapi. Nikamwambia nina dini ya kawaida na siogopi ugonjwa, nao nishaupata. Ila mimi sichukui kitu cha mtu. Nimeishi bila kikombe cha sukari cha jirani, sasa nitaishi na damu yake? Nitakutana naye njiani nimwambie nini, asante kwa kunibeba mpaka sokoni? Aandike dawa, ya kununua. Ya kununua nitanunua.

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Dawa nyingine ziko, zina sindano na zina safari. Tutazungumza. Halafu kuna kitu kidogo, lakini sikuahidi chochote. Kuna asidi amino moja, inaitwa lusini. Imejaribiwa kwa wagonjwa wachache wenye damu zinazofanana na yako. Wengine damu ilipanda kidogo, wengine haikusogea. Siyo badala ya kuongezewa damu, ni nyongeza tu. Na lazima nipime figo kwanza, halafu nikupangie kipimo mimi mwenyewe."

Sasa, katika maneno hayo yote, mimi nilisikia moja.

"Laisini," nikasema.

"Lusini."

"Ndiyo. Laisini."

"Hapana kuka, ni lusini. Lu. Si."

Nikamhurumia. Mtoto wa watu, amesoma miaka yote hiyo, halafu ulimi unamwangusha kwa neno ambalo mimi na darasa langu la tatu nalitamka vizuri. Mtu anayesema kura badala ya kula, lusini kwake si ndiyo laisini tu? Nikaona aibu kumsahihisha mara ya tatu mbele ya nesi. Nikamwambia nimeelewa. Akasema nirudi wiki ijayo tupime figo na tuzungumze tena habari ya damu. Nikamwambia sawa, kwa sauti ile mtu hutumia akiwa haendi.

Nilirudi Kachibora nikiwa na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. Watu wanauza kopo lenye mzee anayekimbia ufukweni, na mimi dawa yenyewe ninayo stoo, gunia zima, nimeikalia. Jioni hiyo nilichota, nikaweka kwenye uji. Mke wangu akanusa.

"Hii si ya kuku?"

"Ni asidi amino. Daktari amesema."

"Daktari amesema ule ya kuku?"

"Amesema laisini. Kuku naye anakula laisini. Kuku anakula mahindi pia, nawe hujaacha ugali."

Akafunika sufuria ya uji. Nilidhani nimemshinda.

Uji ulikuwa na harufu ya stoo na ladha ya kitu kilichowahi kuwa chumvi kikakata tamaa. Nikaunywa. Nikaendelea kuunywa, na kwa kuwa mimi ni mkubwa kuliko kuku, kipimo nacho nilikikuza kulingana na heshima yangu. Tumbo likaanza kukimbia. Nikawaambia vijana wa kisiagi kwamba dawa inasafisha njia kabla damu haijapita. Wakakubali. Nilijipima kwa macho yangu kwenye kioo cha kunyolea nikaona midomo imepata rangi. Mke wangu akaniambia nisogee mbali na lile pazia jekundu nijitazame tena. Sikusogea.

Wiki ya daktari ilipita. Na nyingine. Mke wangu alikuwa akinitazama nikivuka uwanja kwenda kisiagi, nasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu, na sikuwa nimesahau chochote, nilikuwa nangoja moyo umalize kupiga kelele masikioni. Kila mara aliniuliza neno moja tu, "Damu?" Na mimi nilijibu, "Inapanda." Nilimjibu hivyo hata siku niliyomjibu nikiwa nimeketi chini, nimeegemea ukuta wa choo.

Sasa nimlete mtu wangu wa omena.

Kitale, nyuma ya msikiti, kuna duka la omena ambalo harufu yake inakupokea kabla mwenyewe hajakuona. Omena ni wale samaki wadogo wakavu wa ziwani, na bila hao chakula cha kuku ni vumbi tu. Mwenye duka ni Mwislamu, mzaliwa wa mjini hapo hapo, kijana kwangu ingawa ana wajukuu. Kiswahili chake kimenyooka, anakizungumza kana kwamba anakilipia kodi. Nimenunua kwake miaka mingi na miaka yote hiyo tumegombana kwa jambo moja, mchanga. Omena huanikwa chini, mchanga hupanda. Yeye anasema ni mchanga wa ziwani. Mimi nasema ziwa halina koleo. Kwa hiyo kila ninapokwenda, kabla ya salamu, nakunja mkono wa shati, naingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, nafika chini kabisa mahali ambapo mchanga hujificha, natoa kiganja, nampepetea mbele ya wateja wake. Yeye hukaa kwenye kiti chake akisema, "Tazameni, mzee anavua samaki." Na mimi humwambia, "Navua ufuo." Watu hucheka. Ndivyo tunavyosalimiana.

Siku hiyo nilifika, nikamwambia, "Nifungie magunia yangu," nikakaa juu ya gunia moja.

Hakuinuka.

"Hujavua," akasema.

"Fungia tu."

"Mkono hujatia ndani ya gunia. Mchanga umo, leo upo mwingi, nakwambia mwenyewe."

"Basi upo," nikasema. Nilitaka kuongeza tusi. Nilikuwa nalo tayari, zuri, linalohusu ziwa na mama yake. Lakini lilihitaji pumzi, na pumzi niliyokuwa nayo ilitosha kukaa tu.

Kisha akasimama, akaanza kushusha mlango wa duka, mchana kweupe, wateja wakiwa ndani.

"Unafanya nini?"

"Nafunga. Mzee mwenzangu, ukikubali mchanga wangu bila maneno, wewe unakufa. Twende hospitali."

Nikamwambia hospitali ya Kitale siendi. Akasema hata Kampala atanipeleka, nitaje tu. Nikataja Bungoma. Akanipakia kwenye pikapu yake inayonuka kama biashara yake, na njia nzima hakufungua redio. Alikuwa akinisemesha kila baada ya kidogo, "Uko?" Nami nilimjibu, "Nitakwenda wapi, mlango wako haufunguki kwa ndani."

Yule binti daktari aliponiona hakuniambia nilale. Walinilaza. Wakapima, akarudi na karatasi akiwa na uso wa mwalimu.

"Kuka, damu imeshuka kuliko ulivyoniacha. Ulikuwa wapi? Umekuwa ukitumia nini?"

"Ile dawa yako."

"Dawa gani? Mimi sikukupa dawa."

"Asidi amino. Laisini. Naitumia kila asubuhi, kipimo kamili."

"Umeipata wapi?"

"Stoo."

Nilikuwa nayo mfukoni mwa koti, imefungwa kwenye kipande cha mfuko wa sukari, maana siachi dawa nyumbani nikisafiri. Nikampa kwa fahari. Akaifungua, akanusa. Yule wa omena naye akainama akanusa, mtu mwenye pua ya biashara.

"Hii ni ya kuku," akasema.

"Kuka," akasema daktari polepole, "hii ni laisini. Mimi nilisema lusini. Ni asidi mbili tofauti. Laisini haifanyi kazi hii, na hii yenyewe imetengenezwa kwa mifugo. Ndiyo imekukimbiza tumbo."

"Wewe ulisema laisini kwa ulimi wa Bungoma."

"Nilisema lusini kwa ulimi wa Bungoma."

"Nawe sema sasa," yule wa omena akaniambia. "Sema, lusini."

"Rusini," nikasema.

Nesi akageuka akatazama dirisha. Mtu wa omena akakaa kwenye kitanda cha jirani, bega lake likitetemeka.

"Subhanallah," akasema alipoweza. "Miaka yote hii mzee ananiambia nipunguze bei kidogo 'rakini' nisimpunje kipimo, nami sijamwambia kitu kwa heshima. Leo ameenda kumsahihisha daktari. Daktari, mtazame vizuri, pengine ataanza kutaga."

Daktari akamwacha acheke, kisha akamfukuza hapo kitandani, akavuta kiti karibu kama mara ile. Akaniambia lusini atanianzishia, figo zimepimwa na ziko sawa, lakini lusini ikifanya kazi hufanya polepole, kwa majuma na miezi, nami sina majuma. Bila kuongezewa damu leo, moyo utachoka. Alisema moyo utachoka kwa adabu, lakini mimi nimechinja, najua moyo ukichoka ni nini.

"Sitaki cha mtu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilikuwa ni ileile.

"Utamrudishia nani?" akaniuliza.

"Ndiyo shida yenyewe. Nitamrudishia nani?"

"Hakuna. Pakiti haina jina la mtu. Aliyetoa hajui imekwenda wapi, nawe hutajua imetoka wapi. Hakuna mlango utakaopita ukiona aibu. Tunachoomba ni kwamba jamaa zako waje watoe, friji isikae tupu kwa mwingine."

Nilikuwa naangalia dari. Mtu wa omena akampigia mke wangu simu, akaweka sauti ya wote kusikia. Akamweleza yote, na ya kuku pia, ambayo sikumtuma.

Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mpe simu."

"Nakusikia," nikasema.

"Baba yao. Ulikuwa unaniambia damu inapanda."

Nilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mimi sikuombi uchukue cha mtu," akasema. "Kataa tu. Lakini ujue, ukikataa nitauza kisiagi kabla ya arobaini. Na kuku wangu nitawalisha chakula cha dukani, kile cha gunia la kiwanda, ulichosema kina vumbi la mbao. Nitawalisha hicho mbele ya kaburi lako, kila asubuhi. Sasa amua."

Akakata. Huyu mwanamke shule alifika darasa la saba, na inaonekana.

Nilipogeuza kichwa, mtu wa omena alikuwa ameshakunja mkono wa shati mpaka begani. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, maana kukunja shati namna hiyo ni kazi yangu mimi, dukani kwake. Alikuwa anamwuliza nesi chumba cha kutolea damu kiko upande gani.

"Wewe kaa," nikamwambia. "Hiyo haiji kwangu. Inaenda kwa friji."

"Najua inaenda kwa friji. Na ya friji inakuja kwako. Si ndivyo omena inavyotembea? Mimi sijui nimekuuzia samaki wa wavu gani." Akaenda. Mlangoni akageuka. "Hata hivyo ya kwangu ikikufikia utaijua. Haina mchanga."

Nesi akaja na pakiti. Ilikuwa nyekundu nzito, imelegea kama maini mabichi, na kweli haikuwa na jina, ilikuwa na herufi na namba tu. Akaniuliza kama niko tayari. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikamwambia, "Weka."

Sijui nilitegemea nini. Nilidhani mtu atasikia kitu, pengine aibu, ikipanda mkononi. Nilisikia baridi kidogo kwenye kiwiko. Baadaye kidogo nikasikia njaa, njaa ya kweli, ambayo nilikuwa nimeisahau. Mtu wa omena aliporudi na pamba mkononi na chupa ya soda waliyompa, nikamwomba ile soda. Akanipa. Nadhani hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kuomba kwa mtu, na nilimaliza chupa kabla sijagundua nimeomba.

Siku hizi naitumia lusini yenyewe, ya watu, unga mweupe mchungu unaofanya uji uwe na ladha ya dawa ya ng'ombe. Naitumia kwa kipimo cha daktari, si cha heshima yangu. Bungoma naenda kuongezewa damu kila ikishuka, na muda kati ya pakiti na pakiti umerefuka kidogo. Nilimwuliza daktari kama ni lusini. Akasema inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa bahati, tungoje. Nilitaka aseme neno kubwa zaidi, akakataa. Mke wangu anasema ni maini anayonipikia. Yule mama wa kanisani amesikia natumia asidi amino, na sasa anawaambia watu kwamba ni kopo lake, mzee wa kisiagi ni ushahidi. Nimemwacha. Damu yangu imekuwa kama barabara ya kijiji, kila mtu anasema yeye ndiye aliyeileta. Laisini nimeirudisha kwa kuku, na kuku hawakuuliza kitu.

Juzi nilikwenda Kitale kununua omena. Mtu wangu alikuwa kwenye kiti chake, na duka lilikuwa limejaa. Sikutoa salamu. Nilikunja mkono wa shati, juu ya alama za sindano, nikaingiza mkono ndani ya gunia la mbele mpaka kwapani, nikapekua chini kabisa, nikatoa kiganja, nikapepeta pale mbele ya watu wote. Omena wakabaki wachache, wadogo, na katikati ya kiganja rundo zuri la mchanga.

Nikamnyooshea auone.

Akainuka kwenye kiti. Akautazama ule mchanga, akanitazama mimi, akafunika uso kwa mikono yote miwili na kuiteremsha polepole jinsi wanavyofanya wakimaliza dua.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mzee amepona."

"Sijapona," nikamwambia. "Na hii punguza bei."